Kusimama Mara Tano

Kazi yangu ya kwanza baada ya kupata diploma ilikuwa kuwatazama wazee wakisimama. Majirani zetu wa Beni walipouliza ninafanya nini, mama yangu aliwaambia kuwa mimi ni daktari wa miguu, nami sikuthubutu kumsahihisha mbele ya watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, mdogo kuliko wote katika kituo kimoja cha mazoezi ya viungo mjini Butembo. Vifaa vyangu vilikuwa kiti cha mbao kisicho na mikono, mizani, utepe wa fundi wa nguo, na saa ya kwenye simu yangu.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Mzee anakaa kwenye kiti, anakunja mikono kifuani, halafu anasimama na kukaa mara tano, haraka kadiri awezavyo. Unachukua sekunde alizotumia, uzito wake, urefu wake na urefu wa kiti, unapiga hesabu, na hesabu inakupa nguvu ya miguu yake. Mkuu wangu wa kazi, mama mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alinieleza siku ya kwanza kwa nini tunapima haraka na si nguvu peke yake.

"Kuna mutu anaweza kusukuma gari, mais polepole," alisema. "Sasa akiteleza kwa matope, ile polepole itamusaidia nini? Mutu anateleza mara moja. Muguu inapashwa kuitika mara moja."

Nililipenda sana neno hilo la mguu kuitika. Mzee ambaye miguu yake inaitika huruka mfereji, hupanda ngazi, hujikamata kabla ya kuanguka. Ambaye haiitiki, hata mapaja yake yawe manene namna gani, kizingiti cha mlango wake mwenyewe ni hatari kwake.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kumpima mzee wa kwanza, nilikipima kiti, ingawa kiti hakikui. Nililinganisha saa ya simu yangu na saa ya ukutani, kisha nikaanza kuishuku ile ya ukutani. Nilichora alama za chaki sakafuni mahali pa miguu minne ya kiti, na siku aliyefagia alipozifuta nilikosa raha mpaka saa sita. Nasema haya ili ieleweke kwamba kosa ninalolisimulia halikutokana na uzembe. Niliangalia kila kitu isipokuwa kimoja.

Bibi mmoja aliletwa na mwanawe Jumanne moja asubuhi. Mwanawe alikuwa mfanyabiashara wa misumari, mabati na rangi, mtu mnene na mpole aliyezoea kuamua mambo kwa ajili ya wengine. Umri wa mama yake hakuna aliyeujua kwa hakika. Mwenyewe alisema wakati wa uhuru alikuwa tayari anajua kushika jembe. Kwake ni Musienene, alikoishi peke yake tangu mumewe afariki, na shamba la maharagi na viazi nyuma ya nyumba. Miezi mitano kabla ya siku hiyo aliteleza kwenye njia ya kuteka maji, akavunjika mfupa wa mguu wa kushoto chini ya goti. Mfupa ulishika, plasta ikatolewa, akaanza mazoezi kwetu kila Alhamisi, akitembea kwa fimbo. Muda wote huo alikaa kwa mwanawe Butembo, katika chumba kizuri chenye televisheni ambayo, kwa maneno ya mwanawe, aliigeuzia mgongo.

"Docta," mwanawe aliniambia, "siye na mama tuko na mapatano. Ukisema miguu yake iko na nguvu, anarudia kwake mbele ya kupanda maharagi. Ukisema hapana, anabakia kwangu, na ile nyumba na shamba binamu yangu ataingia mule. Jumanne ingine ninamupatia ufunguo."

"Yeye njo anasema mapatano," mama yake alisema. "Mimi nilisema tu nataka kurudia."

"Mama, ulianguka."

"Nilianguka mara moja. Wewe ulipokuwa mutoto ulianguka kila siku. Nilikutosha inje ya nyumba?"

Mwanawe alinitazama kama anayeomba msaada. Mimi nikatazama mizani.

"Mukaka, panda hapa," nikasema. Mukaka ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

Alipanda, akashuka, kisha akanikazia macho. "Mutoto, pima. Kama ninaweza kuenda, nitaenda. Kama hapana, useme hapana, nisingojee bure."

Kwanza nilimwomba akae na kunisukuma kiganja kwa mguu, kulia halafu kushoto. Kwa mguu wa kulia alinisukuma mpaka kiti nilichokalia kikarudi nyuma na kufuta alama zangu za chaki. Wa kushoto ulikuwa hafifu kidogo, lakini haukuwa mguu wa mtu mgonjwa. Kisha tukaja kwenye kipimo chenyewe. Siku hiyo alikuwa amevaa kikwembe kipya cha kitenge kwa heshima ya kituo, kimoja cha vile ambavyo bado vina ugumu wa dukani, na blauzi ya kitambaa hicho hicho. Alikunja mikono, lakini chini, karibu na tumbo.

"Juu kidogo, mukaka. Kwa kifua."

Akaipandisha.

"Sasa usimame na kukaa mara tano, mbio mbio. Twende."

Akasimama. Hakusimama kwa shida, ila polepole, kama mtu anayeinuka kanisani wakati mchungaji hajamaliza sentensi. Akakaa. Akangoja. Akasimama tena. Macho yangu yalikuwa kwenye saa. Sekunde thelathini na moja. Nikampumzisha, tukarudia: thelathini kamili. Nilipiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu jibu lilianguka chini kabisa ya mstari wa kitabu chetu cha mwongozo. Nikaandika kwenye karatasi kwamba nguvu ya miguu ni dhaifu sana, hatari ya kuanguka ni kubwa, haishauriwi aishi peke yake. Nikatia sahihi.

Mwanawe alisoma kwa Kifaransa kwa sauti ya chini, kisha akamweleza mama yake kwa Kinande. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," alisema.

Alichukua fimbo yake. Mlangoni akageuka. "Na ile mazoezi ya kila Alhamisi, sasa ni ya kuenda wapi?"

Nilimjibu kitu kuhusu afya kwa jumla. Sikumbuki maneno, na ninashukuru kutoyakumbuka.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa taabu. Mguu uliokuwa umenisukuma na kiti changu haukupatana na zile sekunde thelathini na moja. Nilikishuku kiti, labda ni kifupi mno. Nilikishuku kidole changu, labda kinachelewa kugusa saa. Nikawaza kwamba labda maumivu, labda woga, labda amechoka kupanda mlima wa kwetu, labda sikumweleza vizuri. Kisha nikafungua daftari langu la vipimo vya wiki zile zote na kuwatazama wengine. Wanaume wazee, hata wenye magoti mabaya, walikuwa na sekunde nzuri kiasi. Wanawake, karibu wote, walikuwa wabaya. Chini ya ukurasa nilikuwa nimeandika, kabla hata ya bibi huyo kuja, kwamba wanawake wa kwetu hupoteza haraka ya miguu mapema kuliko wanaume, nikapiga mstari mara mbili. Nilikuwa nimefikiri nimegundua kitu.

Nilimwendea mkuu wangu.

"Chef, hawa wamama wanabeba mihogo na kuni kwa mugongo, wanapanda milima kila siku. Wanaume wanakaa. Namna gani wamama njo dhaifu?"

Alikuwa anafunga bendeji kwenye kifundo cha mguu cha motari mmoja, mwendesha pikipiki, wala hakuinua kichwa. "Unaniuliza ao unajiuliza?"

"Ninakuuliza."

"Andika chenye unaona. Shida ya bijana ba diploma, munaandika chenye munahesabu."

Motari alicheka. Mimi nikaenda kukipima kiti.

Ijumaa mchana nilipanda gari kwenda Beni kumsalimu mama. Barabara ilikuwa wazi siku hiyo. Huko Kalunguta tulishuka kwenye kizuizi, tukaonyesha kadi zetu za uchaguzi. Mwanajeshi mmoja aliukuta utepe katika begi langu na kuniuliza kwa Lingala ni wa kazi gani. Nilimweleza kwa urefu kuliko alivyohitaji, mpaka akanirudishia begi na kuniashiria kwa mkono niende, niende tu.

Mama yangu anauza mafuta ya mawese sokoni. Anaondoka asubuhi na bidoni ya lita ishirini mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na hupumzika njiani pale tu anapokutana na mtu mwenye habari. Kama kuna miguu ninayoijua duniani, ni yake. Jumamosi asubuhi, kabla hajaenda sokoni, nilitoa kiti uani na kumwomba akae.

"Kuna nini?"

"Ninajaribu saa yangu, mama. Mikono kwa kifua. Simama na kukaa mara tano, mbio mbio."

Dada yangu mdogo alikuwa anaosha sahani, akaacha ili aangalie. Mama akasimama, akakaa, akasimama, akakaa. Nikabonyeza saa. Sekunde ishirini na sita. Mama yangu mwenyewe, ambaye hata uzee bado haujamfikia.

Watu wengine wangeshuku kipimo. Mimi nilishuku mama. Katika dakika moja nilikuwa nimempa magonjwa manne.

"Mama, unasikia ganzi kwa miguu?"

"Hapana."

"Mugongo? Maumivu yanashuka kwa paja?"

"Hapana. Wewe, unanitafutia ugonjwa?"

"Umetumia sekunde makumi mbili na sita."

"Ulikuwa unataka ngapi?"

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

"Mbio vile?" Alinitazama kama ninavyokumbuka alivyonitazama siku niliporudi shuleni nimevaa viatu vya mtoto mwingine. "Na mikono kwa kifua? Sasa kikwembe nani anashika?"

Nikashusha simu.

"Nikiruka kama askari, inafunguka, inaanguka hapa chini, mbele ya mutoto wangu mwanaume. Nitasema nini? Kwamba docta njo alinituma?"

"Mais chini uko na jipo, mama," nikasema, nikimaanisha sketi ya ndani.

"Jipo ni ya kuonesha batu?"

Dada yangu alicheka mpaka akaangusha sahani ya bati. Mimi nilibaki na simu mkononi, na vitu vilianza kurudi kimoja kimoja. Bibi wa Musienene akiweka mikono chini, karibu na tumbo, mahali ambapo kikwembe hufungwa. Mimi nikimwambia aipandishe. Kile kikwembe kipya, kigumu, ambacho hakishiki vizuri kinapokunjwa. Kule kungoja kati ya kukaa na kusimama, ambako nilikuwa nimekuita uchovu kwenye daftari.

"Mama, ulipokuwa unasimama, ulikuwa unaikaza?"

"Kila mara."

"Sikuona."

"Ungeona namna gani? Nilikukomalisha vizuri."

Na hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kwetu mama anapoinuka hukaza kikwembe chake, na mtoto wa kiume hugeuza macho. Hakuna anayekufundisha kwa maneno; ukiwa mdogo unageuzwa kichwa kwa mkono mara mbili tatu, basi, kichwa kinajua chenyewe. Wiki zote zile, kila mwanamke aliponyanyuka kwenye kiti changu, macho yangu yalishuka kwenye saa bila mimi kuyaamuru. Nilidhani ni umakini wa kazi. Wao walitumia sekunde kujisitiri, mimi nikatumia sekunde hizo hizo kutoona, halafu nikaandika kwamba miguu yao ni dhaifu.

"Ingieni ndani wawili," nikawaambia. "Mufunge mulango. Mama ufunge kikwembe na ile kamba ya bidoni. Dada anashika saa."

"Mutoto huyu diploma ilimuharibu," mama alisema, lakini aliingia.

Nilisimama nje nikisikia kiti kikilia kwenye saruji, tena, tena, na dada akihesabu kwa kupayuka. Mlango ukafunguka. Sekunde kumi na moja. Mama alitoka anahema na anacheka, kamba imemzunguka kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana, akaniuliza kama sasa amepona. Nilikaa chini juu ya bidoni tupu. Sijui kueleza furaha niliyoisikia isipokuwa kwa kusema kwamba nilimwomba anipe tena chai, na kwamba tangu Jumanne sikuwa nimemaliza hata kikombe kimoja.

Furaha haikukaa peke yake muda mrefu. Jumanne ufunguo ungetolewa.

Jumatatu nilikuwa kituoni kabla ya mlinzi kufungua. Nilimweleza mkuu wangu nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayeungama. Alinisikiliza, akaketi polepole kwenye kitanda cha mazoezi.

"Hata mimi," alisema. "Mimi ninavaa suruali, pantalon, kwa kazi tangu nilimaliza institut. Nilisahau." Akakitazama kile kiti. "Niliwapima miaka mingapi vile?"

"Wewe uko mwanamuke, chef. Labda mbele yako walisimama mbio kidogo."

"Kidogo," alisema, na akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Kisha akainuka. "Enda utafute ule papa, mutoto wa mukaka. Enda sasa."

Duka la mwana wa bibi lilikuwa limejaa wanunuzi wa mabati. Nilingoja kando ya ndoo za rangi mpaka aliponiona. Nilikuwa nimetunga njiani maelezo marefu yenye mwanzo na mwisho, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa: "Papa, karatasi yangu ni ya uongo."

Wanunuzi wawili waligeuka. Akanivuta nyuma ya duka. Nilimweleza, na ilikuwa vigumu, maana nilikuwa ninamzungumzia mtu mzima kikwembe cha mama yake. Nikageuza macho nilipolitaja neno lenyewe. Naye aligeuza yake. Tukawa wanaume wawili wanaoangalia misumari.

"Docta," alisema mwishoni, "karatasi ya kwanza ni wewe uliandika. Ya pili ni wewe utaandika. Mimi nitaamini gani?"

Lilikuwa swali la haki. "Usiamini karatasi. Ukuye kesho na saa yako mwenyewe."

"Mimi ni mutoto wake. Hata mimi hapana kuangalia."

"Hatutaangalia. Tutasikia."

Alifikiri. Nje mtu alikuwa anaita bei ya bati. "Ulijua mama yangu hakunisemesha tangu ile Jumanne?" aliniuliza. "Anakula, anasali, analala. Ninamuuliza kitu, anamujibia mutoto wangu." Kisha akasema: "Saa mbili. Saa mbili ikipita, binamu anangojea."

Jumanne alimleta mama yake saa mbili kasoro. Bibi hakunisalimu. Mkuu wangu alimchukua kwa mkono, wakazungumza Kinande kwa sauti ya chini, na nikaona uso wa bibi ukibadilika, kwanza haya, kisha kitu kingine, na mwishowe alinitazama moja kwa moja.

"Ile siku ungeniuliza," alisema.

"Sikujua kuuliza, mukaka. Unisamehe."

"Na mimi ningekuambia? Mutoto mwanaume?" Akatikisa kichwa. "Siye wote wawili hatukuwa na akili."

Waliingia nyuma ya pazia yeye na mkuu wangu. Mkuu alikuwa na mkanda mpana wa kitambaa wa kumfunga kiunoni, juu ya kikwembe kikuukuu, laini. Mimi na mwanawe tulibaki upande huu, yeye na saa yake ya mkono, mimi na simu. Mkuu akasema twende.

Kiti kikalia. "Moja!" Sauti ilikuwa ya bibi mwenyewe. "Mbili!"

Kikanyamaza.

Mguu wa kushoto, nikawaza. Umekataa. Nimemleta hapa mara ya pili kumwaibisha mbele ya mwanawe.

"Kule inje kuna mutu anacheka?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama," mwanawe alisema.

"Nilisikia."

"Ni docta anapumua."

"Apumue polepole. Tuanzie mwanzo."

Tukaanza tena. Kiti kililia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hesabu zake zilikuwa kali, kama mtu anayemhesabia mtoto kabla ya kumwadhibu. Mara ya nne ilichelewa kidogo. Ya tano ilikuja na kishindo, na tukasikia mkuu wangu akipiga makofi. Nikatazama simu yangu. Nilimngoja mwanawe atazame saa yake.

"Kumi na tano," alisema.

Yangu ilisema kumi na nne na nusu.

Mkuu wangu alitoka, akapiga hesabu mwenyewe, akanipa nikague, nikakagua mara mbili. Nguvu ilikuwa nzuri kwa umri wake. Si nzuri kila mahali: mguu wa kushoto bado ulikuwa nyuma ya wa kulia, na hatukuficha hilo. Mkuu aliandika kwamba anaweza kuishi kwake, kwa sharti njia ya maji ikatwe ngazi za udongo na kuwekwa mti wa kushikia, mtu mwingine amchotee maji siku za mvua, na mazoezi ya mguu wa kushoto yaendelee nyumbani kila siku, kwenye kigoda chake. Aliandika pia, chini kabisa, kwamba kipimo cha kwanza kilifanywa vibaya na kituo. Aliandika "kituo," si jina langu. Nilitaka kumwambia aandike ukweli wote, lakini alikuwa amekwisha kutia sahihi.

Mwanawe aliisoma karatasi, akaikunja. Akatoka uani kupiga simu. Tulimsikia akisema "binamu," kisha akisema "hapana" mara nyingi, kila mara kwa upole zaidi. Aliporudi alimpa mama yake ufunguo mkononi. Bibi aliutazama kwanza kama kuhakikisha ndio wenyewe, akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa.

"Wasingya," alimwambia. Ahsante. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha uso kwa uso kwa wiki nzima, na yule mtu mnene akashughulika ghafla kutafuta funguo za gari ambazo alikuwa ameshika.

Juma lile nilizunguka Butembo nikiwatafuta wanawake wote wa daftari langu, nyumba kwa nyumba, nikiwa na mkuu wangu. Wengi walicheka. Mmoja alituambia alijua tangu mwanzo, lakini hakutaka kunivunja moyo kwa kuwa nilionekana mtu wa wasiwasi. Wawili walikuwa dhaifu kweli, na hao tuliwaanzishia mazoezi. Ile sentensi niliyoipigia mistari miwili niliifuta.

Jumamosi mwana wa bibi aliniomba nimsindikize kumpeleka mama yake, ili nimwonyeshe mahali pa kukata ngazi. Ilikuwa siku ya soko Musienene na tulipita polepole kati ya mafungu ya viazi. Gari haliwezi kufika nyumbani kwake. Linaachwa barabarani, na kutoka hapo ni kupanda. Tulibeba godoro, masanduku mawili na sufuria. Bibi alibeba fimbo na gunia dogo la mbegu, akatangulia. Niliwaza kila hatua. Niliukazia macho mguu wa kushoto kama vile macho yanaweza kumshika mtu asianguke. Mahali palipokuwa na utelezi, mguu ulienda pembeni nusu hatua, nikafungua mdomo, na kabla sijatoa sauti ulikuwa umekwisha kurudi mahali pake. Hata hakugeuka. Nadhani hakujua kwamba kuna lolote lililotokea.

Mimi nilijua. Mguu ulikuwa umeitika.

Tulipofika juu tukihema, yeye alikuwa tayari nyuma ya nyumba. Jirani alikuwa amepanda viazi mistari miwili ndani ya mpaka wa bibi, naye bibi amesimama katikati ya mistari hiyo, akiita jina la jirani kuelekea bondeni kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Mwanawe na mimi tulisimama na godoro mikononi, hatujui pa kuliweka.

"Mama, tuweke wapi?"

"Ndani! Munauliza?" Alituangalia kama wageni waliokuja saa mbaya. "Muweke, na muende. Mvua inakuya, na miye niko na kazi."

Tuliweka, tukaaga, hakutusikia. Tulishuka mlima, tukaingia kwenye gari, na mwanawe akaendesha mpaka tukapita soko.

"Mama yangu amenifukuza," alisema.

Kisha akaanza kucheka, mabega yote mawili, machozi yakamtoka, akacheka mpaka akalazimika kuliweka gari kando ya barabara. Nami nikacheka naye. Matone ya kwanza yakaanza kugonga kioo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haraka ya kuondoka.